Beki Wetu Amechangiwa Rambirambi na Bado Yuko Hai

Bibi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mweka hazina wa timu ya mpira wa miguu ya kata yetu, huku Morogoro vijijini. Timu yenyewe haina makuu: tunashiriki mashindano ya kata ambayo bingwa hupewa mbuzi na kreti mbili za soda, na mapato yetu yote ni ada za wachezaji, michango ya mashabiki, na harambee ndogo inayoitishwa kila mpira unapopasuka. Vitabu vyangu vya hesabu vilikuwa safi hadi Mwalimu wetu, yaani kocha, alipohudhuria semina ya hamasa mjini na kurudi na daftari lililojaa misemo ya kuwatia moyo wanamichezo. Tangu hapo hafungui mazoezi bila kutusomea msemo mmoja kwa sauti ya mkutano wa hadhara, kisha hufunga daftari na kuondoka bila kufafanua neno.

Naomba kwanza utambue utiifu wa vijana wetu. Wamelelewa katika nyumba ambazo mkubwa akitamka jambo linatekelezwa, halijadiliwi, na Mwalimu wanamheshimu kuliko diwani. Ndiyo maana aliposema anataka kila mchezaji atoe asilimia 110, beki wa kulia, ambaye ni fundi baiskeli, alinijia na shilingi 5,500 badala ya ada ya kawaida ya 5,000, akadai stakabadhi inayoonyesha ziada hiyo. Wenzake wakafuata. Walikuwapo hata hivyo waliotoa hoja kwamba mtu akishatoa asilimia 100 amemaliza chake chote, kwa hiyo zile kumi zinazobaki haziwezi kuwa zake, ni lazima ziwe za mtu mwingine, na wakapita kwa majirani kuzikopa. Sasa nina fedha ambazo katiba ya timu haizitambui, nina wadai ambao sijawahi kuwaona mazoezini, na mkaguzi wetu wa hesabu, karani mstaafu wa chama cha msingi cha ushirika, amegoma kutia saini ukurasa ambao sehemu yake ni kubwa kuliko jumla yake.

Msemo uliofuata ulikuwa "acheni kila kitu uwanjani". Mechi ilipomalizika vijana waliacha viatu, jezi, simu na funguo za nyumba. Kiungo mmoja aliacha baiskeli ikiwa na magunia mawili ya mkaa aliyokuwa ameagizwa kuyapeleka kwa mteja, na kipa, ambaye umri umeanza kumtupa mkono, aliacha meno yake ya bandia kando ya mlingoti wa goli, yakiwa yamefungwa vizuri kwenye leso. Nikalazimika kuajiri mlinzi. Kwa bahati mbaya mlinzi huyo, mgambo mstaafu, alikuwa amekaa chini ya mwembe Mwalimu aliposoma kwamba ulinzi bora ni kushambulia. Tangu siku hiyo hasubiri mtu afike; akiona kivuli kwenye njia ya kutokea zahanati, humfuata huko huko na rungu. Amemkimbiza diwani aliyekuja kukagua magoli, na wenye viatu vyao nao hawawezi kuvifuata, kwa sababu kwake yeye kila anayeelekea uwanjani ni mvamizi na kila anayetoka uwanjani ni mvamizi aliyefanikiwa.

Ya winga wetu wa kushoto niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimeketi kwenye benchi na daftari la posho. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba mpira wa kisasa unachezwa kwa kichwa, si kwa miguu. Dakika ya kumi hivi winga alipigiwa pasi ya chini, mpira ukimjia taratibu kabisa kwenye mguu wake mzuri. Akausogeza mguu kando, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi na kuanza kuusukuma mpira kwa paji la uso kuelekea langoni, akiburuta tumbo juu ya changarawe, huku akinyanyua shingo kila baada ya hatua moja kutazama kama mshambuliaji amejipanga. Beki wa wapinzani alimfuata hadi jirani, akasimama, akaweka mikono kiunoni, kisha akampisha kwa adabu. Mwamuzi alipuliza filimbi, akabaki ameishika mdomoni kwa muda mrefu, akitafuta kosa la kutaja. Mashabiki wetu walishangilia sana.

Kuna na kiungo yule yule wa mkaa. Mwalimu alisoma kauli ya mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka, na kesho yake kijana aling'oa ua wote wa minyaa unaotenganisha shamba lao na la jirani, kisha akamwamkia jirani huyo na kumweleza kwamba mambo hayo yamekwisha. Kesi iko baraza la kata. Mshambuliaji wetu naye aliambiwa aelee kama kipepeo na aume kama nyuki. Kuelea kulimshinda, lakini alimuuma beki wa kati begani, na baada ya hapo akaketi kwenye nyasi kwa utulivu na kuanza kusubiri kifo, maana anafuga nyuki na anajua kinachompata nyuki akishauma.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonifanya nishike kalamu ni tangazo la Mwalimu kwamba katika mechi ya Jumapili dhidi ya kata ya juu, "sisi tutafia uwanjani". Beki wetu wa kushoto ni mtu mzima mwenye mke na watoto, na hana tabia ya kubishana. Jumatatu alilipa deni lake la dukani. Jumanne alimkabidhi mdogo wake pikipiki ya bodaboda pamoja na jina la fundi anayeijua. Katikati ya wiki mama yake alishafika kutoka Kilombero, turubai likafungwa, majirani wakaleta mikeka, na kamati ya mazishi ikamchagua mwenyekiti, ambaye naye, kwa kuwa nimezoeleka kushika fedha za watu, aliniteua mimi kupokea rambirambi. Nikapokea shilingi 186,000 na debe la mchele. Jumapili tulitoka sare ya bao moja kwa moja. Yule bwana alirudi nyumbani jioni akiwa amelowa matope na ana njaa, akakuta wageni wamekwishakula chakula chake. Mwalimu anasema ahadi iko pale pale na itatimizwa kwenye mechi ya marudiano.

Kana kwamba hayo hayatoshi, nahodha amesikia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwa kuwa anataka tuhesabiwe miongoni mwa washindani, amewaandikia waandaaji barua ya kukubali kushindwa mechi zote zilizosalia. Barua hiyo ameipiga muhuri wa timu.

Nauliza, Bibi: rambirambi niziingize fungu gani? Zile asilimia kumi nizifanyeje? Na je, tumfukuze Mwalimu? Nasita kwa sababu ndiye pekee mwenye pampu ya mpira.

Mweka Hazina Mwenye Mashaka,
Morogoro

BIBI MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nakupa pole kwa vitabu, na pole nyingine umfikishie mama yake beki, kwa sababu nauli ya kutoka Kilombero si mchezo na alichokijia hakikutokea.

Watu wengi wakiisoma barua yako watasema vijana wenu wana upungufu. Mimi nasema kinyume chake, na nitaendelea kusema hivyo hata kamati yako ikinichukia. Makocha wa klabu kubwa hulia kila wiki kwamba wachezaji hawafuati maelekezo; ninyi mna kumi na mmoja wanaofuata maelekezo hadi kwenye zege. Mchezaji aliye tayari kuburuta tumbo juu ya changarawe kwa sababu ameambiwa, akiambiwa asimame mita mbili ndani ya mstari na asivuke nusu ya uwanja hadi beki apande, atasimama hapo mpaka magharibi. Kasoro iko katika kile kinachosemwa. Mwalimu anatoa maagizo ambayo hakuna kiungo cha mwili kinachoweza kuyatekeleza, na vijana, kwa kukosa namna, wanatafuta kiungo cha karibu.

Tuanze na kufia uwanjani, maana ndilo lenye tarehe. Ninaliangalia kwa upande wa kanuni tu, kwa sababu upande wa huruma naona majirani wameshautimiza. Sheria ya 3 ya mpira wa miguu inasema timu iwe na wachezaji wasiozidi kumi na mmoja, akiwemo kipa, na kwamba mechi haiwezi kuanza wala kuendelea ikiwa timu moja imebakiwa na wachezaji pungufu ya saba. Sasa fanya hesabu wewe uliyezoea hesabu. Wakifa wanne, mnabaki saba na mpira unaendelea. Akifa wa tano, mnabaki sita na mwamuzi hana budi kuivunja mechi, na mashindano mengi huipa ushindi timu ambayo bado ina watu. Mpango wa Mwalimu wa wote kufia uwanjani kwa hiyo unashindwa kuanzia maiti ya tano, na hao sita waliobaki, hata wakiwa na nia njema kiasi gani, watakuwa wanafia mechi iliyokwisha. Mweleze kwa maandishi kwamba kanuni zinamruhusu vifo vinne tu, na kwamba hata hivyo hakuna sanda kwenye bajeti ya msimu huu. Akiendelea kushikilia, mwambie atangulie yeye, kwa kuwa kocha hahesabiwi katika wale kumi na mmoja na timu haitapungukiwa kitu uwanjani. Pampu aiache kwako kwanza, kwa stakabadhi.

Suala la winga nimelipenda kuliko yote na nimelisoma kwa sauti kwa wajukuu. Mwamuzi wenu alikuwa na kosa la kutaja, ila hakulikumbuka. Sheria ya 12 inazungumzia kucheza kwa namna ya hatari, na hatari hiyo ni pamoja na ile anayojiletea mchezaji mwenyewe. Mtu anayepeleka paji la uso kwenye mpira ulio ardhini, katikati ya viatu vya watu, anajihatarisha, na pale mpinzani anapoogopa kuucheza mpira kwa kuhofia kumuumiza, wapinzani hupewa pigo huru lisilo la moja kwa moja. Beki yule aliyempisha kwa adabu, pengine bila kujua, alikuwa anatoa ushahidi. Msimkaripie kijana. Mwambieni kwamba kichwa ni cha mipira iliyo juu ya kifua na miguu ni ya mipira iliyo chini ya goti, na kwa ile iliyo katikati atumie kifua au paja. Ni sentensi moja, haina hamasa hata kidogo, na ataishika maisha yake yote.

Kuhusu mshambuliaji, hapo Mwalimu amecheza na moto. Mnamo tarehe 24 Juni 2014, huko Natal nchini Brazil, Luis Suárez wa Uruguay alimuuma begani Giorgio Chiellini wa Italia katika mechi ya Kombe la Dunia, na FIFA ikamfungia mechi tisa za kimataifa pamoja na kumzuia kushiriki shughuli zozote za soka kwa miezi minne. Huyo hakuwa amesomewa daftari na mtu. Wenu ana utetezi wa kuagizwa, lakini sidhani kama kamati ya nidhamu ya kata itautofautisha sana. Bondia Muhammad Ali, ambaye kauli ya kipepeo na nyuki ilivuma kupitia kwake alipokuwa akijiandaa kumkabili Sonny Liston huko Miami Beach mwaka 1964, alizitumia ngumi zake miaka kumi baadaye mjini Kinshasa kumwangusha George Foreman, na baada ya kila ngumi aliendelea kuishi ili apige nyingine. Nyuki hana uwezo huo; mfanyakazi wa mzinga akishamuuma binadamu, mwiba wake wenye vishikizo hubaki kwenye ngozi pamoja na sehemu ya tumbo lake, naye hufa. Kwa maana hiyo msemo huo, ukitekelezwa kwa ukamilifu, unampa mshambuliaji shuti moja kwa uhai wake wote. Ikiwa Mwalimu hawezi kufundisha bila mdudu, basi achague nyigu, ambaye huuma mara nyingi na kuondoka akiwa mzima. Mshambuliaji naye aambiwe leo hii kwamba muda umepita wa kutosha na hatakufa. Nina wasiwasi bado ameketi.

Nije kwa Kipchoge, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jirani aliyeng'olewa minyaa yake anastahili maelezo ya kueleweka. Ni kweli kwamba Mkenya huyo husema hakuna binadamu mwenye mipaka, na tarehe 12 Oktoba 2019 alikimbia umbali wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1:59:40, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu. Lakini hebu tuangalie alivyolifanya. Alikimbia kwenye barabara tambarare iliyochaguliwa makusudi katika bustani ya Prater. Alizungukwa na wakimbiaji wa kumwongoza kasi, jumla yao 41, wakipokezana kwa makundi na kila mmoja akiwa na nafasi yake ya kukaa. Mbele yao lilitangulia gari lililomulika barabarani mistari ya leza ili kila mtu ajue aweke mguu wapi, na kasi ilipangwa kuwa takriban dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita, si zaidi wala si pungufu. Kwa sababu ya misaada hiyo yote, na kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi, muda ule haukusajiliwa kuwa rekodi ya dunia. Yaani bwana asiye na mipaka alikimbia saa mbili kasoro sekunde 20 ndani ya mipaka iliyochorwa kwa mwanga, na angeitoka angechelewa. Kiungo wako apeleke hoja hiyo baraza la kata pamoja na vipande vya minyaa. Minyaa hushika upesi ikichomekwa, na mpaka utarudi kabla hukumu haijaandikwa. Ajitolee kuipanda yeye mwenyewe, kwa kamba na vigingi, na jirani awe amesimama pembeni akiangalia.

Nadhani pia Mwalimu angefanya vizuri zaidi kama angetafuta msemo wa hapa nyumbani. John Stephen Akhwari, kijana wa Mbulu, alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji lililo mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari ambako hewa yenyewe ni haba. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda kwa saa 2:20:26, na watazamaji wengi walishaondoka, pale Mtanzania huyo alipoingia uwanjani akichechemea na bendeji mguuni, akamaliza kwa saa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliofika. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, bali ilimtuma maili 5,000 kwenda kuzimaliza. Nimeupitisha msemo huo kwenye kipimo cha wachezaji wako na umefaulu karibu wote. Kumaliza ni kitendo, kina mstari wa chaki, mtu anajua amekifanya au hajakifanya, na hakuna ua wa jirani unaodhurika. Dosari ni moja tu, na naitaja kwa sababu mkaguzi wenu ataiona: kutoka Dar es Salaam hadi Jiji la Mexico ni zaidi ya kilomita 15,000, yaani zaidi ya maili 9,000. Ukiushika msemo neno kwa neno, nchi ilimlipia zaidi kidogo ya nusu ya safari, na zilizobaki alijitegemea. Msimwambie beki wa kulia. Atataka kujua nani alifidia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye asilimia 110. Wale waliotoa shilingi 500 za ziada kutoka mfukoni mwao wamelipa sehemu ya ada ya msimu ujao, na iandike hivyo, kwenye ukurasa wa malipo ya kabla. Wale waliokopa kwa majirani walikuwa na hoja nzuri kuliko semina nzima, lakini fedha za watu ni deni na zirudishwe mwezi huu. Baada ya hapo mwambie Mwalimu kwamba kuanzia sasa kila agizo lenye kiasi, iwe asilimia, dakika au mita, lipitie kwa mweka hazina kabla ya kusomwa. Nakuhakikishia misemo itapungua. Watu wa hamasa hupenda sana namba, ila hawapendi kuulizwa namba hiyo inatoka wapi.

Barua ya nahodha iondolewe kwa barua nyingine, yenye muhuri ule ule, ikieleza kwamba timu inakubali kushindwa pale tu itakapokuwa imeshindwa, na kwa idadi ya mabao itakayokuwa imefungwa, si kabla. Waandaaji wakikataa kuipokea, muwaulize kama wao wamekubali kushindwa kuikataa. Mkanganyiko huo utawapa muda wa kucheza mechi moja au mbili.

Mlinzi ni rahisi kuliko unavyodhani. Mzee huyo hakuasi. Ametekeleza agizo ambalo halikuwa lake. Mwandikie zamu kwenye karatasi: aanzie mlingoti gani, aishie wapi, rungu alilaze wapi, na orodha ya wenye viatu kwa majina na namba za viatu vyao. Diwani nenda kamwombe radhi ukiwa umevaa viatu, asije akadhani mmemtania. Na meno ya kipa yachukuliwe kwanza, hata kabla ya mkaa, maana mechi ya marudiano ni karibu na kipa asiyeweza kutamka "toka!" hapangi ukuta.

Mwalimu msimfukuze. Mchukulieni daftari. Mpeni kila Jumamosi nusu karatasi, asiandike zaidi ya hapo, na kwenye nusu karatasi hiyo kila mchezaji apate mstari mmoja unaotaja mahali pa kusimama, mtu wa kumfuata na la kufanya akipata mpira. Beki wa kushoto, kwa mfano: amfuate namba saba wao hadi kwenye kibendera cha kona, na mpira ukitoka nje arudi mahali pake. Agizo hilo halina kifo ndani yake, na kwa jinsi ninavyomfahamu kupitia barua yako, namba saba huyo asishangae akimwona nyuma yake Jumatatu asubuhi sokoni, kama mtasahau kuandika kwamba linakoma filimbi ya mwisho ikilia. Andikeni.

Zimebaki rambirambi. Shilingi 186,000 si mapato ya timu na usithubutu kununulia mpira. Kaa na mwenyekiti wa kamati ya mazishi mbele ya beki mwenyewe, msome orodha jina kwa jina, na kila mmoja arudishiwe alichotoa. Mchele umeshaliwa, huo usamehewe. Watakuwapo watakaoona aibu kupokea fedha walizokwisha kuzitoa msibani. Hao waandike kuwa wamelipa mapema, wape stakabadhi, na beki atie saini kwamba ameona.